Kila Ijumaa naloweka gi ili Jumamosi nisipigane

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Kirumba hapa Mwanza. Kazi yangu iko Mwaloni, napima dagaa na kushika daftari la tajiri wangu. Huu ni mwezi wa nane nafanya karate, mtindo wa Goju-Ryu, kwenye darasa la shule ya msingi ambalo sensei, yaani mwalimu wetu, ameliombea ruhusa. Tunasogeza madawati ukutani, tunafagia, tunaanza. Jumatatu na Jumatano jioni ni mazoezi ya msingi na kata, yaani mfululizo wa hatua na mapigo unaoufanya peke yako bila mpinzani. Jumamosi asubuhi ni kumite, yaani tunapigana wawili wawili.

Tatizo langu ni Jumamosi.

Kata naziweza. Wakija wanafunzi wapya na sensei akitaka kuwaonyesha mtu anavyosimama kwenye sanchin, mojawapo ya kata zetu, ananiita mimi. Lakini nikishasimama mbele ya mtu na kusikia "hajime", yaani anzeni, mikono inakuwa mizito kama nimebeba ndoo mbili, macho yanajifumba yenyewe, na narudi nyuma mpaka mgongo unagusa madawati. Nikimgusa mtu kwa bahati nasema "pole". Wenzangu wameshanibatiza Dada Pole.

Sasa Shangazi nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kila Ijumaa usiku naloweka gi yangu, yaani nguo ya karate. Ninayo moja tu. Naifua saa nne usiku, naianika ndani, asubuhi ukiikamua bado inatoa maji. Basi namtumia sensei ujumbe: samahani sensei, gi haijakauka. Nimefanya hivyo Jumamosi tano. Wiki iliyopita alinijibu, "Njoo na tisheti." Nikamwambia tumbo linauma.

Na siyo kwamba mimi ni mwoga kwa kila kitu. Mwaloni kuna makuli wa kila aina na nabishana nao kutwa, na mnunuzi akitaka kuweka mkono kwenye mizani namtoa mbele za watu. Karate nilianza kwa kupenda tu, wala sikuporwa wala nini. Mwanzoni kumite nilikuwa nacheza. Wiki ya tatu kaka mmoja wa mkanda wa kijani alinipiga teke la ubavu nikakaa chini, watu wakacheka, tukaendelea. Iliuma kama wiki mbili ikaisha.

Mtihani wa mkanda umebaki miezi miwili na kumite imo. Mama anasema niachane nayo, mwanamke kupigana na wanaume ina faida gani. Sensei anasema uoga dawa yake ni kupigwa. Nimsikilize nani?

Halafu swali dogo: kinga ya meno niliyonunua hainikai, nikifungua mdomo inadondoka. Nimeuziwa saizi mbaya?

Gi Mbichi, Kirumba

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimecheka sana kwenye gi, halafu nikanyamaza, maana mwaka wangu wa kwanza wa karate bibi yangu mzaa mama alifariki mara tatu. Mara ya tatu sensei wangu aliniuliza, "Huyu ni yule yule?" Nilicheza miaka kumi na moja baada ya hapo, mpaka magoti yaliponigomea. Kwa hiyo usidhani unazungumza na mtu aliyezaliwa jasiri.

Barua yako ni ndefu. Kata umezieleza, madawati umeyaeleza, mama na makuli wote wamepata nafasi yao. Lile teke la ubavu umelipitisha harakaharaka katikati ya mengine, kama mtu anayevusha gunia getini bila risiti. Mimi nimelisimamisha hapo hapo.

Hebu tulipime. Ulikuwa na wiki tatu. Hakuna aliyekwisha kukufundisha kupokea teke. Mtu mwenye mikanda kadhaa mbele yako akalirusha kwa nguvu zake zote, ukakaa kwenye sakafu ya saruji, na watu ambao kesho yake ulitakiwa kuwaita wenzako wakacheka. Ubavu ukauma wiki mbili, na naona hukwenda kupima. (Ubavu unaouma ukivuta pumzi ni wa kupelekwa hospitali, hata kama kazini kuna foleni ya magunia.) Mwili wako si mjinga. Uliandika somo hilo kwenye daftari lake, na kila Jumamosi unalisoma tena kabla wewe hujaamka. Hayo macho kufumba na mikono kuwa mizito, wala hujayabuni.

Sasa nikuambie kinachotokea, kwa sababu wengi tunadhani ni laana ya mtu binafsi. Mtu akiona kitu kinakuja usoni, kope hufunga zenyewe. Nawe, nami, na bingwa wa dunia. Aliyezoea naye anapepesa, ila macho yake yanarudi upesi na yanaendelea kutazama. Mabega yanapanda kuelekea masikioni. Na jambo ambalo karibu kila mgeni analifanya bila kujua: anabana pumzi. Jaribu kupanda kilima cha Bugando umebana pumzi uone kama hutafika juu ukidhani una malaria. Ndiyo maana sekunde ishirini tu za kumite zinakuacha huna mikono. Nguvu unazo, maana mtu anayeinua dagaa kutwa nzima hakosi nguvu. Hewa ndiyo huna.

Sensei wako anasema dawa ni kupigwa. Amekosea kidogo tu, lakini ni kidogo kinachoumiza. Dawa ni kuzoea, na kuzoea kuna dozi. Ukimpa mtu vidonge vyote vya wiki asubuhi moja, humwambii baadaye kwamba dawa ilikuwa nzuri. Wewe ulipewa vyote wiki ya tatu.

Kwa hiyo jambo la kwanza halifanyiki kwenye sakafu ya darasa, linafanyika mdomoni. Jumatano hii, baada ya mazoezi, wenzako wakirudisha madawati, mwendee sensei mwambie hivi: "Sensei, tangu nilipopigwa ubavu naogopa kumite. Nataka kuimudu kabla ya mtihani. Naomba nianze kwa mwendo wa chini, dakika moja moja, na mtu utakayenichagulia wewe." Maliza hapo, usijitetee, usicheke cheka. Habari ya gi si lazima umwambie. Mtu aliyekujibu "njoo na tisheti" anajua siku nyingi.

Huyo atakayechaguliwa asiwe mgeni mwenzako. Watu hudhani mgeni kwa mgeni ndiyo usalama, na mimi naona ni kinyume chake: wote wawili mnaogopa, wote mnarusha kwa hofu, na hakuna anayejua kusimamisha ngumi. Asiwe pia kijana ambaye ameshajua kurusha teke lakini bado hajajua kulishika njiani. Yule wa mkanda wa kijani alikuwa kwenye hatua hiyo. Omba mtu wa mkanda wa kahawia au mweusi, yule ambaye ngumi yake ikifika inakunja gi yako kidogo na kurudi.

Kabla hamjaanza, semeni gia. Dereva wa daladala haondoki stendi na gia ya nne, nanyi msiondoke hivyo. "Gia ya kwanza, kifua na tumbo tu, usoni hapana." Iseme kwa sauti, naye aitikie. Halafu jua kwamba gia hupanda yenyewe bila mtu kukusudia: aliyepigwa kila mara huhisi kapigwa kwa nguvu kuliko aliyepiga anavyodhani, naye anarudisha kwa kipimo chake, mwenzie naye vile vile, na baada ya nusu dakika watu wawili wanaopendana wanapigana kweli. Mmoja lazima aseme "shusha". Awe wewe. Haijawahi kuwa aibu kusema shusha, na kwenye dojo nzuri, yaani mahali pa mazoezi, utasikia hata mwenye mkanda mweusi akiisema.

Kabla ya ngumi yenyewe, Goju-Ryu mmepewa zawadi ambayo mitindo mingine inawaonea wivu. Mwulize sensei kuhusu kakie. Mnasimama karibu, vifundo vya mikono vimegusana, mnasukumana na kuvutana polepole bila kuachia. Hakuna kinachoruka hewani, kwa hiyo macho hayana cha kuogopa, lakini unamsikia mtu mzima kupitia kifundo kimoja: anapotaka kuja, anapolegea, anapopoteza miguu. Fanyeni dakika tatu za kakie kila mnapokutana, mkianza na mwendo wa kuchota uji. Jina lenyewe la mtindo wenu, Goju, maana yake ni ngumu na laini. Dojo nyingi nilizopita zinafundisha nusu ya kwanza ya jina.

Sasa kumite. Siku za mwanzo wewe hupigi kabisa. Dakika moja, mwenzako anakuja na kiganja wazi, polepole, anakugusa bega, kifua, tumbo. Kazi yako ni mbili tu, kumtazama pale shingo inapokutana na kifua, na kuhesabu kwa sauti kila anapokugusa. Moja. Mbili. Tatu. Kuhesabu kunaonekana kama mchezo wa chekechea, lakini huwezi kutaja namba huku umebana pumzi, na hiyo ndiyo siri yote. Ukifika namba kumi na tano utashangaa mabega yameshuka yenyewe. Macho yakifumba, yaache yafumbe, yafungue tena, endelea kuhesabu. Ukiona unahesabu kwa sauti ya kawaida, ile unayotajia kilo Mwaloni, hapo umeiva kwa hatua inayofuata, iwe ni siku ya pili au wiki ya pili. Usiniulize ni siku ngapi.

Inayofuata ni zamu yako kupiga, na mwenzako anakinga tu. Hapa ndipo Dada Pole anapoingia, na nataka nikae naye kidogo, kwa sababu nadhani nusu ya uoga wako uko hapa na wewe umeweka mzaha juu yake. Tumelelewa hivyo. Mtu akijikwaa mbele yako unasema pole hata kama hukumwekea jiwe. Msichana aliyelelewa vizuri mkono wake ukimgusa mtu mzima anaomba radhi. Halafu siku moja anaambiwa ampige mtu tumboni, na mtu huyo pengine ni mkubwa kwake kiumri. Mkono unakataa. Usiuone ni udhaifu, ni adabu iliyokosa mahali pa kukaa. Basi ipe mahali. Mnapoinamiana kabla ya kuanza, ninyi wawili mmeshaombana ruhusa na kusameheana mapema. Mnapoinamiana mwisho, hapo ndipo pole na asante zinatoka pamoja. Katikati usiseme neno, isipokuwa umemgusa mahali pasipokubaliwa, jichoni au chini ya mkanda. Hapo simama, sema pole ya kweli. Na ujue kwamba ukimpiga mwenzako ngumi inayosimama hewani sentimita kumi mbele ya gi, unamnyima mazoezi yake. Naye amekuja kujifunza kukinga. Atakinga nini?

Ngoma nazo ziko hivyo hivyo. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wakikutana Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo, kila kundi linacheza mbele ya mwenzake huku watu wakihama kutoka upande huu kwenda ule. Kundi moja likikaa nyumbani kwa huruma, hakuna sikukuu.

Kuhusu madawati. Unaporudi nyuma kwa mstari ulionyooka unajiona unakimbia hatari, kumbe unajipeleka pale inapouma zaidi. Teke la kuzunguka lina nguvu yake kubwa huku mwisho, kwenye mguu unaokata hewa. Ukiwa karibu kabisa na nyonga ya mpigaji, halina pa kuzungukia na linakuwa kama kusukumwa na abiria kwenye haisi. Mahali pabaya ni hatua moja na nusu nyuma, na ndiko unakokwenda. Mko darasani, chaki ipo. Chora duara sakafuni, upana wa hatua zako mbili, na uombe mcheze dakika moja wewe usitoke humo. Utalazimika kwenda pembeni au kwenda mbele. Mara ya kwanza utakanyaga mstari kila saa. Kufikia mara ya tano utagundua kwamba kusogea nusu hatua upande kunatosha, na mwenzako anapita kama basi lililokosa kituo.

Usiku wa giza wavuvi wanakuwa ziwani na taa zao na wewe asubuhi huna nafasi hata ya kunywa chai, hilo nalijua. Lakini mbalamwezi ikikomaa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika na mizani yako inapumzika. Siku hizo za kila mwezi zitumie. Nenda mapema nusu saa kabla ya wengine, wewe na huyo mwenzako, mfanye kakie na dakika zenu tatu nne darasa likiwa tupu. Uoga hauna aibu mbele ya madawati. Kabla ya mtihani unayo miezi miwili, maana yake mbalamwezi mbili. Zinatosha kabisa kukufikisha kwenye kumite ya mtihani wa mkanda wa chini, ambapo sensei mwenye busara anatazama kama unasimama, unaona na unajibu, wala hahesabu uliowaangusha.

Waliocheka siku ile sitaki niwaache hivi hivi. Katika Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, karate ilipoingia kwenye michezo hiyo kwa mara ya kwanza, fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75 ilikuwa Tareg Hamedi wa Saudi Arabia na Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi alikuwa anaongoza 4 kwa 1. Akarusha teke la juu, likampata Ganjzadeh, akaanguka akapoteza fahamu, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakakaa, wakamwondoa Hamedi kwa kupiga kwa nguvu isiyoruhusiwa. Dhahabu akapewa aliyekuwa kwenye machela. Wengine waliona ni kichekesho, na kilio cha Hamedi kilikuwa cha kweli. Ila ndivyo sheria zilivyo: asiyeweza kuzuia mguu wake amekosa kitu ndani ya mchezo wenyewe. Kaka wa mkanda wa kijani angeweza kuondolewa uwanjani. Wewe ungebaki umekaa pale chini, mshindi.

Mama yako simlaumu, ameona mtoto amerudi na ubavu unauma. Usimjibu kwa hoja za haki za wanawake mezani, hamtamaliza ugali. Mwalike Jumatano moja aje aone kata, akae kwenye dawati. Swali lake la faida, ukweli ni kwamba una ruhusa ya kutopenda kumite. Kata ni mchezo kamili: huko huko Tokyo, Sandra Sánchez wa Hispania alichukua dhahabu ya kata akiwa na miaka 39 bila kumgusa mtu. Ukishazoea kumite na ukaona haikupendezi, achana nayo kwa moyo mweupe. Ninachokukataza ni kuiacha sasa, kwa sababu sasa atakayekuwa ameamua ni yule wa mkanda wa kijani.

Kuna mambo mawili ya kutocheza nayo. Ukipigwa kichwani kisha ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma au ukawa kama mtu aliyechanganyikiwa, siku hiyo umemaliza, hata kama unajiona umepata nafuu baada ya dakika kumi. Nenda ukapimwe. Kofia ya kukinga kichwa inapunguza michubuko, haizuii ubongo kutikisika. Na la pili, sensei akikataa ombi lako, au akilikubali halafu Jumamosi akuweke na yule yule kwa nguvu zile zile huku watu wakicheka, chukua gi yako ikiwa mbichi au kavu utafute mahali pengine. Kabla hujalipa ada huko uendako, kaa pembeni kipindi kimoja utazame kitu kimoja: mtu akiumia, sensei anasema "yame", yaani acheni, haraka kiasi gani.

Vitu vidogo: kucha fupi, hereni nje, rasta zifungwe nyuma kwa kitambaa siyo kwa kibanio cha chuma. Kinga ya kifua ya wanawake ipo. Ukiweza kuipata, vaa.

Kinga ya meno haikuwa ya saizi mbaya. Nyingi zinazouzwa ni za kulainishwa kwa maji ya moto, na muuzaji hakukwambia. Soma pakiti ina sekunde ngapi. Chemsha maji, yaipue, itumbukize kwa muda huo, itoe kwa kijiko, ipoze kidogo kwenye maji ya kawaida isikuunguze, kisha ivae meno ya juu, ing'ate, bonyeza kwa vidole kwa nje huku ukinyonya hewa ndani. Ikipoa itakaa. Ukifungua mdomo na isianguke, umefaulu. Ifanye Alhamisi usiku.

Gi fua Jumatano.

Shangazi